Tulidhani ni Talasimu



  

Mara nyingi katika kurasa hizi tunawaandikia kuhusu makosa ya watoto: kuchelewa darasani, simu, marafiki wabaya. Leo tumeona tuandike kosa la mwalimu. Na kwa kuwa sisi walimu tumezoea kusema "sisi" hata pale mtu anapokuwa mmoja, tuseme mapema ili tusijifiche: mkono uliochana ile karatasi ni huu huu unaoandika.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu mwaka uliopita, baada ya swala ya Alasiri, katika madrasa yetu hapa Juba. Anayeijua Juba analijua joto la saa hizo. Watoto zaidi ya arubaini walikuwa wamekaa mikekani chini ya bati, na somo lilikuwa Suratul Falaq. Tulikuwa tumefika katika aya inayotufundisha kujikinga na shari ya wenye kupuliza mafundoni. Tukawaeleza watoto kwamba wachawi walikuwa wakifunga mafundo katika uzi kisha wakiyapulizia, na kwamba hata leo mitaani kwetu wapo wanaouza hirizi na karatasi zilizochorwa miduara ili zivaliwe shingoni. Wiki hiyo hiyo mzazi mmoja alikuwa ametuletea karatasi ya namna hiyo aliyoikuta chini ya mto wa binti yake. Kwa hiyo kichwa chetu kilikuwa kimejaa mambo hayo.

Katika kupitisha macho tukamuona kijana mmoja wa nyuma, umri wake miaka kumi na mitatu, ameinamia daftari. Ni mtoto mtulivu, aliyezaliwa kambini Kakuma na kurejea hapa na mama yake. Kiswahili chake ni kizuri kuliko Kiarabu chake, na ndiyo maana hupenda kukaa nyuma. Tukamwendea polepole. Juu ya ukurasa palikuwa na mduara mkubwa uliojaa mafundo. Kamba zimeingiana, zimepindana, zimerudi katikati na kutoka tena pembeni, na katika kila pembe ya karatasi fundo jingine dogo. Katikati kabisa ameacha mahali pa mviringo peupe, kama panaposubiri kuandikwa jina.

Pale peupe ndipo paliposhtua moyo wetu. Tulidhani ni mahali pa jina la jini, au la mtu anayekusudiwa.

Hatukumuuliza kitu. Tuliichukua karatasi, tukaichana vipande vinne mbele ya wenzake, na tukasema maneno ambayo hatutayarudia hapa. Yule kijana hakulia wala hakujibu. Aliokota vipande kimoja kimoja, akaviweka ndani ya mfuko wake wa msahafu, akaomba ruhusa akaondoka. Siku ya pili hakuja. Ya tatu hakuja.

Siku ya nne alikuja mama yake. Alisimama mlangoni mpaka watoto walipotawanyika, kisha akatoa salamu na kusema, "Ustaadh, sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza tu: mwanangu amechora nini kibaya?"

Tukaanza kumueleza habari za uchawi. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatufungulia kifurushi alichokuja nacho, na ndani yake mlikuwa na milaya.

Wasomaji wetu walio mbali huenda hawaijui milaya. Ni shuka ambazo wanawake wa Sudan Kusini huzitarizi kwa mkono kwa nyuzi za rangi, na hupewa maharusi au hutandikwa anapokuja mgeni wa heshima. Nyingi hupambwa kwa maua na ndege, tausi hasa. Mama huyu analea watoto wanne kwa sindano yake. Familia moja ya Malakia ilikuwa imemuagiza milaya kwa ajili ya harusi ya binti yao, lakini kwa sharti kwamba isiwe na ndege wala mnyama yeyote, kwa sababu itatandikwa katika chumba wanachoswalia. Wamempa arbuni. Yeye ruwaza za namna hiyo hakuwa nazo. Mwanawe akamwambia, "Usihangaike mama, nitakutafutia."

Akaitafuta kweli. Katika soko la Konyo Konyo aliona kwa muuza vitabu vikuukuu kitabu cha Kiingereza cha historia ya uchoraji, kisicho na jalada, akakinunua kwa pesa ya kubeba mizigo. Ndani yake mlikuwa na picha ya mduara wa mafundo. Kwa wiki tatu, kila usiku, kwa taa ya sola, aliinakili mstari kwa mstari. Siku ile darasani alikuwa anaimalizia pembe ya mwisho. Kusikiliza somo kwa mkono unaochora ni kosa la adabu, na hilo tungemkanya. Lakini sisi tulimhukumu kwa kosa lisilokuwepo, na tukachana kazi ya wiki tatu na riziki ya nyumba nzima.

Ndugu zetu, tumefundisha Suratul Hujuraat miaka mingi. Tumewahifadhisha watoto ile aya inayotuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga tukaja kujuta. Aya tuliijua kwa ulimi. Majuto tuliyajua siku ile.

Tukamuomba mama msamaha, kisha tukamuomba atuazime kile kitabu. Tulitaka kujua ni kitu gani hasa tulichokichana. Tulichokijua tunawasimulia, kwa sababu ndani yake mna faida kwetu sote.

Picha ile ni ya Albrecht Dürer, fundi wa mji wa Nuremberg huko Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1471 na kufariki 1528. Alikwenda Venice, mji wa Italia, mwaka 1505 na kukaa hadi 1507, na karibu na miaka hiyo ndipo alipotoa michoro sita ya mafundo. Kila mmoja ni karibu sentimita 27 kwa 21, kidogo tu kupita ukurasa wa daftari. Haikuchorwa mmoja mmoja kwa kalamu. Ilichongwa katika ubao kama muhuri, ubao ukapakwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi. Katika kazi ya namna hiyo palipobaki juu ndipo panaposhika wino, na palipochimbwa hubaki peupe. Kwa hiyo kamba zake ni nyeupe juu ya uwanja mweusi, na mtu akikosea kuchimba mahali pamoja hakuna kifutio.

Wanaochunguza mambo haya wanasema huenda michoro ile ilikusudiwa iwe ruwaza kwa watu wa kazi za mikono, wakiwemo watarizi. Soma tena hapo, ewe mzazi. Yule kijana wa Juba aliichukua kwa ajili ya tarizi ya mama yake. Alikuwa ameielewa kuliko mwalimu wake.

Lakini Dürer naye hakuianzisha. Aliinakili kutoka michoro sita mingine ya Italia, iliyotoka katika kundi la Leonardo da Vinci (1452–1519), yule yule anayejulikana kwa picha ya Mona Lisa. Ile ya Italia ilichorwa kwa ncha kali juu ya bamba la shaba, wino ukaingizwa ndani ya mikwaruzo. Na katikati yake kuna maandishi yanayotaja chuo cha Leonardo. Giorgio Vasari, mwandishi wa karne ya 16 aliyekusanya habari za mafundi wa Italia, anamlaumu Leonardo kwa kupoteza muda akichora mafundo ya kamba, kamba ambayo mtu angeweza kuifuata tangu ncha moja hadi nyingine mpaka ijaze duara. Muda huo kumbe haukupotea. Mwaka 1498 Leonardo alikuwa akipamba chumba katika ngome ya mji wa Milan, na dari yake yote aliijaza matawi ya miti yaliyosukana na kamba ya dhahabu inayopita baina yao. Wapo pia wataalamu wanaosema alikuwa akicheza na jina la kijiji chake, Vinci, kwa sababu linafanana na neno la Kiitaliano la vijiti laini vinavyosukiwa vikapu. Kwa hiyo hata kwa bwana mkubwa yule, shina la habari huenda lilikuwa kikapu.

Dürer alipoinakili, yale maandishi ya katikati aliyaondoa akapaacha peupe. Hata alama ya jina lake mwenyewe hakuitia. Herufi zake A na D, ambazo watu wa zama zake walizijua vizuri, ziliongezwa baadaye katika chapa za pili. Basi pale peupe palipotutisha, pale tulipodhani panangoja jina la jini, palikuwa ni mahali ambapo fundi mmoja aliondoa jina la mwingine na asiweke lake. Kijana wetu alipaacha peupe kwa sababu alinakili kwa uaminifu.

Na Leonardo je, aliyatoa wapi? Hapa ndugu zetu wengi watapenda kusikia, nasi tutasema kwa kiasi. Venice ilikuwa mji wa wafanyabiashara, na jahazi zao zilikuwa zikienda Iskandaria na pwani ya Shamu. Walirudi na viungo na hariri, na pia vyombo vya shaba vilivyotiwa nyuzi za fedha, mazulia, na vitabu vyenye majalada ya ngozi yaliyopigwa mihuri ya mafundo. Katika karne ya 15 alikuwepo fundi Muislamu, Mahmud al-Kurdi, ambaye vyombo vyake vyenye sahihi yake vimehifadhiwa mpaka leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Wataalamu wengi wanaona mafundo ya Italia yamekunywa katika kisima hicho. Wazungu wenyewe hawakuficha. Mapambo ya aina hii wakayaita ya Kiarabu au ya Wamori, na Francesco Pellegrino alipochapisha kitabu cha ruwaza mjini Paris mwaka 1530, alikiandika waziwazi kuwa ni cha mtindo wa Kiarabu na wa Kiitaliano.

Tukirudi nyuma zaidi, ipo nakala ya Qur'aan iliyoandikwa Baghdad na Ibn al-Bawwab mwaka 391 Hijria, yaani 1000 au 1001 Miladia, ambayo sasa imehifadhiwa Dublin, Ireland. Kurasa zake za mapambo zina mistari iliyopitana juu na chini kwa hesabu ya ajabu. Hiyo ni miaka mia tano kabla ya Dürer. Na sisi watu wa Afrika Mashariki tusijione wageni. Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi wa karne ya 18 na 19 walinakili misahafu na kuipamba kwa nyekundu, nyeusi na manjano. Na anayetembea Lamu au Unguja huiona minyororo iliyochongwa katika fremu za milango ya kale.

Hata hivyo tuwaonye wanafunzi wetu na ugonjwa wa kusema kila kizuri ni chetu. Warumi walitandaza mafundo katika sakafu zao kabla ya Uislamu kuja. Watawa wa Ireland waliyajaza katika kitabu chao cha Injili, Kitabu cha Kells, karibu na mwaka 800. Majirani zetu Wakristo wa Uhabeshi wanapamba Injili zao kwa mapambo ya kusukana wanayoyaita harag, maana yake mmea unaotambaa, na zipo za karne ya 14 na 15. Na kabla ya wote hao, bila shaka, alikuwepo bibi aliyekuwa anasuka ukili. Ufundi huu ni kama moto wa kuazimana: jirani huja na kijinga chake, akaondoka nacho kinawaka, na wako haujapungua.

Baada ya kujua haya tulijaribu kulichora fundo lile wenyewe, ili tulirudishe. Tukachukua daftari la miraba, penseli na rula. Ndugu zetu, tuna vyeti vya mirathi, na hesabu za mafungu tunazifanya kwa kichwa, lakini fundo lilitushinda usiku wa kwanza. Kanuni yake ni moja tu: uzi ukipita juu ya mwenzake, mara inayofuata lazima upite chini, kisha juu, kisha chini, mpaka urudi ulipoanzia. Tulipofika robo ya duara tukakuta nyuzi mbili zote zinadai kupita juu. Tukafuta. Tukaanza upya. Zikagombana tena.

Asubuhi tulikwenda nyumbani kwao. Tulimkuta kijana anamsaidia mama kukunja nyuzi. Tulimuomba msamaha hapo mbele ya mama na wadogo zake. Akasema, "Haina neno, Ustaadh," kama wanavyosema watoto waliolelewa vizuri, huku macho yako chini, na tukajua kwamba neno bado lipo. Kisha tukamuonyesha daftari letu na ule ugomvi wa nyuzi. Aliliangalia kidogo, akaweka kidole na kusema, "Hapa umeruka njia panda moja. Ukikuta mbili zinagombana, kosa haliko pale zinapogombana. Liko nyuma."

Tulikaa kimya. Hakukusudia kutuambia zaidi ya habari za mstari, lakini tuliyasikia yote.

Lilibaki jambo moja. Tulimkosea mbele ya watu arubaini, na msamaha wa nyumbani usingeitosha haki yake. Jumamosi alirudi darasani. Tulisimama, tukawaambia watoto kwamba mwalimu wao alimdhania mwenzao uchawi bila kumuuliza, kwamba ni uongo, na kwamba tumemuomba msamaha na sasa tunamuomba mbele yao. Baadhi ya walimu wenzetu walinong'ona kwamba tumeishusha heshima ya ualimu. Tuliwajibu kwamba heshima inayosimama juu ya mgongo wa mtoto ni bora ianguke.

Kisha tulimuomba yeye afundishe nusu saa. Nasi tukaongeza jambo tulilolisoma siku zile. Wachokwe, watu wa Angola, Kongo na Zambia, wana mila ya kuchora mchangani kwa kidole: wanapanga nukta kwa safu, kisha wanaupitisha mstari mshazari baina ya nukta. Ukifika ukingoni unageuka kama mpira uliogonga ukuta. Hesabu zake zilichunguzwa na Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014. Tukawatoa watoto nje chini ya mwarobaini, kila mmoja na mchanga wake. Tukawaambia wapange nukta tatu kwa nne. Mstari mmoja tu uliyazunguka yote na kurudi mwanzo. Wakapanga tatu kwa tatu: ikahitajika mistari mitatu. Nne kwa sita: miwili. Binti mmoja wa miaka kumi ndiye aliyepiga kelele kwanza, "Ni ile namba kubwa inayogawa zote mbili!" Na ndivyo ilivyo. Namba kubwa kuliko zote inayozigawa safu zote mbili bila kubakiza ndiyo idadi ya mistari. Watoto wanaokimbia somo la hesabu shuleni walikaa mchangani mpaka adhana ya Magharibi.

Fundo la milaya tulilichora upya, yeye akiongoza na sisi tukishika rula. Vile vipande vinne alikuwa bado anavyo. Mama alimaliza kazi yake kwa kuchelewa, kwa uzi wa kijani juu ya kitambaa cheupe, na wenye harusi walikubali. Walipoulizwa waandikiwe jina gani pale katikati, la bibi harusi au la bwana harusi, mama wa bibi harusi alisema paachwe hivyo hivyo.

Wazazi wetu, tunawaachia nasaha tatu.

Kwanza, uchawi upo na hatari yake ipo, na hatujarudi nyuma katika kuonya juu ya hirizi. Lakini kumsingizia mtu uchawi nako ni dhuluma kubwa, na hapa kwetu tunajua watu wamefanywa nini kwa tuhuma tu. Mfunze mwanao kuuliza "hii ni nini?" kabla ya kusema "hii ni haramu". Na wewe mwenyewe uanze.

Pili, mtoto akiwa na mkono mwepesi wa kuchora, usiuvunje. Ukiwa na wasiwasi juu ya sura za viumbe, mpe nukta, rula na bikari. Katika mistari tu mna bahari ambayo mafundi wa Baghdad, Milan na Nuremberg hawakuimaliza. Na akinakili kazi ya mtu, mfunze aseme amenakili kwa nani. Miaka ile ile ya Dürer, Muitaliano Marcantonio Raimondi alinakili chapa zake nyingine pamoja na ile alama ya A na D, kama kwamba ni za Dürer mwenyewe. Kunakili ni njia ya kujifunza, lakini kuiba jina ni jambo jingine.

Tatu, ni kwetu sisi walimu. Tukikuta darasani au nyumbani nyuzi mbili zinagombana, tusikimbilie kuchana karatasi. Turudi nyuma kwa utulivu tutafute njia panda tuliyoiruka. Mara nyingi aliyeiruka ni sisi.

Yule kijana sasa anakaa safu ya mbele. Hatukumuhamisha, alikuja mwenyewe wiki ya pili ya Ramadhani. Karatasi ile iliyochanwa tuliiomba, na alitupa vipande vitatu. Cha nne, chenye mahali peupe pa katikati, alisema atabaki nacho. Hatukumuuliza kwa nini. Vyetu tumevihifadhi ndani ya daftari la mahudhurio, na kila jioni tunapoita majina tunaviona.

Tunamuomba Allaah atusamehe haraka zetu, atupe subira ya kuuliza kabla ya kuhukumu, na awahifadhi watoto wetu mikono yao na nyoyo zao. Aamiyn.